Chungu cha Simbi

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Uongo, je? La, wapwa zangu, leo uongo ubaki mlangoni. Utamu uingie peke yake. Mtu ninayetaka kuwasimulia yupo, anaishi, na huenda saa hii kainamia daftari anaandika mistari.

Jina lake ni Simbiatu Abisola Abiola Ajikawo. Haya, litamkeni mara tatu bila kupumua. Mmeshindwa? Hata mimi nilishindwa. Wazazi wake ni Wayoruba wa Nigeria, lakini yeye alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Februari 1994, na akakulia Islington, kaskazini mwa jiji hilo. Walio karibu naye humwita Simbi. Ulimwengu unamjua kwa jina la Little Simz.

Kazi yake? Ni rapa. Anachana.

"Mjomba, kwani wasichana nao wanachana?"

Wanachana, tena toka zamani. Simbi alipokuwa mdogo alikuwa akiwasikiliza Lauryn Hill na Missy Elliott wa Marekani, wanawake wawili ambao wakishika maiki wanaume walikuwa wanakaa kimya kusikiliza. Basi na yeye akataka maiki.

Aliipata wapi? Ngoja, nimwachie mwenyewe aseme.

"Mimi ni maiki. Ninakaa Islington, barabara ya Upper Street, kwenye klabu ya vijana ya St Mary's. Watoto wakifika kwangu hufanya jambo lile lile. Hunipuliza. Fuu! Fuu! Halo, halo, moja mbili! Nimechoka kupulizwa. Lakini sijisifu nikisema nimewaona wengi. Leona Lewis alipita klabu hii. Alexandra Burke alipita klabu hii. Mmoja akaja kushinda shindano la X Factor mwaka 2006, mwingine mwaka 2008. Wale walikuwa waimbaji, sauti zinapanda mpaka darini. Kisha akaja kasichana kakimya. Kanapenda kucheza dansi, kanapenda kuigiza, kanaandika andika. Nikajisemea, haka hata kupuliza hakatanipuliza. Siku kalipofungua mdomo, maneno yalitoka mbio, moja linamkanyaga mwenzake kisigino, na hakuna hata moja lililoanguka."

"Mjomba! Maiki inasema?"

Haisemi. Mdomo nimeipa mimi. Klabu ipo kweli, na hao waimbaji wawili walipita pale kweli, ila maneno ya maiki ni ya mjomba wenu. Nani ameuliza? Wewe? Njoo nikushike mkono. Wakubwa wengi wanasikiliza habari nzima bila kuuliza swali kama lako.

Tuendelee. Simbi akawa mwigizaji akiwa bado msichana mdogo. Mwaka 2010 BBC ilionyesha mchezo wa watoto unaoitwa Spirit Warriors, naye alikuwamo. Baadaye akaigiza katika Youngers, mchezo wa vijana wa London wanaotaka kutoboa kwenye muziki. Huku anaigiza, huku anarekodi. Alikuwa akitoa nyimbo zake mwenyewe kwenye intaneti, mkusanyiko mmoja baada ya mwingine, watu wasikilize bure. Akaingia na chuo kikuu, University of West London, kusoma muziki. Akaacha ili afanye muziki wenyewe. (Hapo mama zenu wasinisikie. Mkiulizwa, mjomba hakusema.)

Sasa tunafika pagumu kidogo. Watu wakimtaja Little Simz husema ni msanii anayejitegemea. Maana yake nini? Hana meneja? Hana bendi? Anafunga mwenyewe nyaya za spika?

Sikilizeni. Tuseme wewe unajua kupika pilau. Ukipika, jirani anahama kwake anakuja kwako. Lakini huna chungu. Huna mkaa, huna mchele, huna hata kitunguu. Anatokea tajiri. Anakwambia, "Mwanangu, pilau yako nimeisikia harufu. Nitakupa chungu, nitakupa mkaa, nitakupa mchele, nitakutangazia mtaa mzima. Ila kuna mambo matatu. Kwanza, pilau ikiuzwa, pesa yangu inarudi kabla wewe hujashika shilingi. Pili, ikisharudi, mimi nachota kwa upawa, wewe unachota kwa kijiko. Tatu, chungu kinabaki changu."

Mtoto wa Kiswahili hapa atauliza, "Na nikitaka kupika biriani?"

Umeuliza penyewe! Tajiri atasema, "Biriani sokoni haitoki. Endelea na pilau."

Tajiri huyo katika muziki ndiye kampuni ya kurekodi, watu wanaita lebo. Si mtu mbaya. Wapo wapishi wengi ambao bila yeye wasingewasha hata jiko, na wapo walioshiba kwake. Na chungu ni ile rekodi yenyewe, ile ya asili, ambayo nakala zote hutoka humo. Wimbo ukichezwa kwenye simu yako, ukiwekwa kwenye filamu, ukiuzwa kwenye santuri, pesa hutoka, na mgao wa rekodi unakwenda kwa mwenye rekodi. Aliyeimba anaweza kuwa mwingine kabisa. Anasikia sauti yake dukani, anatikisa kichwa, anaendelea na safari.

Simbi alitazama habari hiyo akasema atatafuta chungu chake. Akaanzisha lebo yake mwenyewe, Age 101 Music. Mwaka 2015, akiwa na miaka 21, akatoa albamu ya kwanza, A Curious Tale of Trials + Persons. Chungu cha nani?

"Chake mwenyewe!"

Mwaka 2016 akatoa ya pili, Stillness in Wonderland, inayocheza na ile hadithi ya Alice aliyetumbukia kwenye nchi ya maajabu. Chungu cha nani?

"Chake mwenyewe!"

Mwaka 2019 akatoa ya tatu, Grey Area. Hapo mtaa mzima ukasikia harufu. Mtayarishaji wake alikuwa Inflo, rafiki yake wa tangu utotoni. Ngoma nzito, besi inanguruma, maneno machache yaliyonolewa. Albamu ile ikaingia kwenye orodha ya kugombea Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland. Hakushinda mwaka ule. Mwaka uliofuata, 2020, ikamletea tuzo ya Ivor Novello ya albamu bora, tuzo ambayo watunzi wa nyimbo wa Uingereza huiheshimu sana.

"Lakini Mjomba, pilau yake aliibeba mwenyewe kichwani kupeleka sokoni?"

Hapana, na hapo ndipo watu huchanganya. Kujitegemea si kufanya kila kitu peke yako. Alikuwa na kampuni ya kusambaza, AWAL, inayofikisha nyimbo madukani na kwenye simu za watu. Msambazaji ni mbebaji. Unamlipa ujira wake, anapeleka sahani, anarudi. Hasemi chungu ni chake.

Mwaka 2020, mnakumbuka? Corona. Wadogo hamkumbuki, mlikuwa mnabebwa. London nzima ilijifungia ndani. Simbi naye akajifungia kwake, akarekodi humo humo nyumbani nyimbo tano, akazitoa mwezi Mei kwa jina la Drop 6. Wimbo mmoja jina lake ni ukumbusho tu kwamba umpigie mama simu. Hilo nalipenda. Mtu kafungiwa ndani peke yake, dunia imesimama, na katika mambo matano aliyoona ayaandike, moja ni simu ya mama.

Kisha 2021. Wapwa zangu, hapa niacheni nikae kidogo.

Albamu ya nne inaitwa Sometimes I Might Be Introvert. Chukueni herufi ya kwanza ya kila neno mziweke pamoja. Mmeona? Limetoka jina lake, Simbi. Na kichwa hicho kinazungumzia ukimya wake, kwamba yeye ni mtu wa ndani, asiyependa kelele za watu wengi. Mtu mkimya ambaye kazi yake ni kusema mbele ya maelfu! Albamu nzima inazunguka fumbo hilo.

Inaanza kwa ngoma za kijeshi na tarumbeta, utadhani mfalme anaingia mjini. Kuna vinanda, kuna kwaya. Katikati ya nyimbo inaingia sauti ya kike ya Kizungu cha kifalme ikimuuliza maswali, na sauti hiyo ni ya Emma Corrin, aliyeigiza kama Princess Diana katika tamthilia ya The Crown. Kuna wimbo Woman, aliomshirikisha mwimbaji Cleo Sol, wa kuwasifu wanawake. Kuna wimbo kuhusu baba yake, ambaye hakuwa karibu naye, na jina la wimbo lenyewe linasema nakupenda na nakuchukia kwa pumzi moja. Inawezekana kumpenda mtu na kumkasirikia siku hiyo hiyo? Muulize yeyote mwenye kaka.

Na kuna Point and Kill. Huu ndio wimbo wangu. Nigeria ukienda kwenye mgahawa wa samaki, kambare wako hai ndani ya maji, wanapepesa sharubu. Unanyoosha kidole, "Yule!" Mpishi anamtoa, anamchinja, anampika. Unanyoosha, anachinjwa. Hilo ndilo jina la wimbo. Simbi na Obongjayar, mwimbaji mwenzake mzaliwa wa Nigeria, wanauchukua mtindo ule wa kambare kuzungumzia mtu anayejua anachokitaka na kukinyooshea kidole. Muziki wake ni wa Afrika Magharibi hasa, ngoma na tarumbeta. Msichana wa Islington karudi kwa bibi yake.

Tajiri angekubali albamu ya namna hii? Nyimbo kumi na tisa, vipande vya mazungumzo vikiwemo, vinanda vyote vile, swali juu ya swali? Labda angekubali. Lakini nafikiri angesema ifupishwe, na kambare watolewe. Simbi hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Albamu ikapanda hadi nafasi ya 4 kwenye chati ya Uingereza.

Sasa sikilizeni mwaka 2022, maana ni mwaka wa ajabu.

Februari, wanampa tuzo ya Brit. Tuzo gani? Msanii bora mpya! Mpya, baada ya albamu nne! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Alipanda jukwaani pamoja na mama yake mzazi, na mama alikuwa anang'aa kuliko tuzo.

Aprili, anatangaza kwamba ziara yake ya Marekani imefutwa.

"Alikuwa mgonjwa?"

Hakuwa mgonjwa.

"Watu hawakutaka kuja?"

Walitaka sana.

"Sasa kwa nini?"

Kwa sababu ya chungu. Mwenye chungu ndiye anayekibeba, na Marekani ni soko la mbali. Kwenda kule unahitaji nauli ya ndege ya wapiga vyombo wote. Viza zao. Basi la kuwazungusha mji hadi mji. Vyumba vya kulala. Mafundi wa sauti, mafundi wa taa. Gharama hizi zinalipwa kabla sahani ya kwanza haijauzwa. Msanii mwenye lebo kubwa, mara nyingi tajiri anatanguliza fedha hizo. Simbi hakuwa na tajiri. Akaeleza wazi kwa mashabiki wake kwamba msanii anayejitegemea hulipia kila kitu mfukoni mwake, na kwamba mwezi mmoja wa kuzunguka Marekani ungemwacha na shimo kubwa la hasara.

"Si angekopa?"

Angekopa kwa nani? Kwa tajiri yule yule!

Basi hakwenda. Mwenye tuzo ya Brit kabatini alikosa nauli ya bendi. Watu wazima wengi walishangaa siku ile. Walidhani ukionekana kwenye televisheni tayari una ndege yako. Mimi nadhani tangazo lile lilifundisha biashara ya muziki kuliko vitabu vingi, maana wasanii huwa wanaficha. Wanasema "sababu zisizozuilika". Yeye alitaja sababu.

Septemba, Mercury tena. Ukumbi tayari, wageni tayari, nguo zimepigwa pasi. Siku yenyewe, tarehe 8, Malkia Elizabeth akafariki. Sherehe ikaahirishwa. Ikafanyika tarehe 18 Oktoba, na jina lililotajwa lilikuwa la Little Simz, kwa albamu ile ile ya vinanda na kambare. Jukwaani akamshukuru Inflo. Zawadi ya Mercury mwaka ule ilikuwa pauni 25,000. Ni pesa, lakini mkiigawa kwa nauli ile ya bendi, mnajua wenyewe.

Desemba mwaka huo huo, bila kupiga mbiu, siku chache tu baada ya kutangaza, akatoa albamu nyingine, No Thank You. Hapana, asante. Ndivyo ulivyofundishwa kujibu ukipewa kitu usichokitaka, sivyo? Ndani yake anazungumza kwa hasira ya kistaarabu kuhusu mikataba, kuhusu watu wa biashara wanaomvuta msanii huku na huku, na kuhusu kuchoka moyo.

Huku nyuma alikuwa pia akiigiza. Kuanzia 2019 alikuwa Shelley katika tamthilia ya Top Boy. Hiyo msiniombe niwawekee. Ina mambo ya wakubwa, mtaiona mkiota ndevu, na wasichana mkipata vitambulisho.

Juni 2024 akasimama kwenye jukwaa kubwa la tamasha la Glastonbury, lile la piramidi, jua linazama, muda mfupi kabla ya bendi ya Coldplay. Mbele yake watu kama mchanga. Mkimya wetu akawashika wote.

Je, yote yamekuwa heri? Hapana, nami siwafichi. Mwaka 2025 Little Simz alimfikisha mahakamani Inflo, yule rafiki wa utotoni, akidai fedha alizomkopesha. Mambo ya mahakamani yaachwe kwa mahakama, mimi si hakimu. Lakini iliniuma. Mwenye chungu chake hufanya biashara na watu anaowapenda, na mambo yakiharibika, hupoteza fedha na rafiki kwa mpigo mmoja.

"Akaacha muziki?"

Hakuacha. Alitafuta mtayarishaji mwingine, Miles Clinton James, na mwezi Juni 2025 akatoa Lotus. Lotus ni ua la majini, linafanana na yungiyungi. Mizizi yake iko kwenye tope. Katika albamu hiyo mna nyimbo za hasira, mna za huzuni, na mna moja au mbili za kuchezea viatu vikaisha. Wimbo uliobeba jina la albamu anaimba na Michael Kiwanuka.

"Kiwanuka? Hilo si jina la Uganda?"

Masikio yako yapo sawa! Michael alizaliwa London, lakini wazazi wake walitoka Uganda, waliikimbia enzi ya Idi Amin. Basi kuna sauti ya jirani yetu humo ndani.

Mwezi ule ule wa Juni, jumba la Southbank Centre, kando ya mto Thames, likamkabidhi tamasha la Meltdown. Kila mara tamasha hilo humchagua msanii mmoja, naye huamua nani apande jukwaani. Zamani wenye matamasha ndio walikuwa wakichagua kama yeye aingie orodhani au asiingie. Safari hii kalamu alishika yeye, na mwisho wa tamasha akachana na okestra ya Chineke!, yenye wanamuziki wengi weusi.

"Mjomba, tuwekee basi."

Tutaanza na Woman. Halafu Point and Kill, na mtu asinyooshee kidole kitoweo cha jirani. Nyingine zina maneno ya wakubwa, hizo dada yenu azisikilize kwanza aniambie. Haya, simu ya nani ina bando?